HOTUBA JUU YA SANTURI ZA FIDLA NNE ZA MAREKANI

(Ilisomwa mbele ya wanachama, Same)



Katika mkutano uliopita liliulizwa swali ambalo halikupata jibu, kwa kuwa saa zilikuwa zimekwisha. Swali lenyewe lilikuwa hili: fedha za chama ni chache, na milima ya Upare ina wazee wanaojua nyimbo ambazo wajukuu wao hawazijui, basi ni kwa sababu gani jioni za Jumamosi twakaa kusikiliza fidla za Wamarekani? Aliyeuliza hakuuliza kwa ubishi, naye astahili kujibiwa. Sisi tumepewa kazi hiyo, nasi twaomba radhi mapema kwamba jibu letu ni refu kuliko swali.

Kwanza tueleze kitu chenyewe, kwani si wanachama wote huhudhuria Jumamosi. Muziki huu hupigwa na watu wanne, nao huitwa kwateti. Wawili hupiga fidla. Wa tatu hupiga fiola, ambayo ni fidla iliyo kubwa kidogo na sauti yake ni nzito zaidi. Wa nne hupiga selo, ambayo haikai begani bali husimamishwa kati ya magoti, nayo hutoa sauti ya chini. Hapana ngoma, hapana mwimbaji, wala hapana bwana wa kusimama mbele na kijiti. Wanne hao hutazamana tu na kusikilizana. Mtu aliyekulia Mbaga, Gonja, Suji au Usangi hana haja ya kufundishwa jambo hili mara mbili, maana amelisikia kanisani tangu utotoni: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kila moja na njia yake, na zote zakutana mwishoni mwa ubeti. Wasabato walipofika Giti huko Mamba mwaka 1903, na Walutheri katika vituo vyao, kuimba kwa sauti nne kulikuja pamoja nao, na Wapare wakakushika hata kukawa kwao.

Wala fidla si mgeni kwetu. Watu wa pwani waliijua zamani katika taarabu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 pamoja na wenzake kutiwa sauti zao katika sahani za santuri, fidla ilikuwamo miongoni mwa vyombo vyao. Marehemu Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wa bibi huyo, alikuwa karani wa serikali kama wengi wetu tulivyo au tulivyokuwa. Hilo twalisema kwa kupita tu, ili asiwepo mtu wa kudhani kwamba karani akisikiliza muziki anatoka katika kazi yake.

Na kama hoja hiyo haikutosha, twaja kwa Bwana Charles Ives.

Ives alizaliwa mwaka 1874 katika mji mdogo wa Danbury, katika jimbo la Connecticut. Baba yake alikuwa kiongozi wa beni, tena mtu wa majaribio: yasemekana alipenda kusikia beni mbili zikitembea katika barabara moja, kila moja na wimbo wake, ili ajue masikio yapatwa na nini zinapopishana. Aliyekwisha kusimama Same siku ya Jumamosi, harusi mbili zikipita njiani kwa pamoja na matarumbeta yao, amekwisha kupata majibu ya jaribio hilo bila gharama. Mwana alisoma muziki katika chuo kikuu cha Yale, lakini hakutaka kuishi kwa muziki. Alikwenda New York akaingia kazi ya bima, akaanzisha kampuni pamoja na mwenzake Bwana Myrick, nayo ikawa kubwa sana. Mchana alikuwa mtu wa bima; jioni, Jumapili na siku za likizo alitunga. Alitunga hivi kwa miaka mingi, na karatasi zake nyingi zilikaa nyumbani bila kupigwa na mtu ye yote. Alistaafu kazi ya bima mwaka 1930, na wakati huo alikuwa amekwisha kuacha kutunga. Sifa zilimfikia akiwa mzee: mwaka 1947 alipewa tuzo ya Pulitzer kwa muziki alioumaliza tangu miaka mingi. Akafa mwaka 1954.

Kwateti yake ya pili, aliyoifanyia kazi kati ya mwaka 1907 na 1913 hivi, yatuhusu sisi zaidi ya nyingine zote. Katika karatasi yake Ives aliandika kwamba wanne hao ni wanaume wanne. Kwanza wanazungumza, kisha wanabishana juu ya siasa, ubishi wawa ugomvi, kisha wapeana mikono, wanyamaza, na wapanda mlimani kutazama mbingu. Sehemu ya tatu jina lake ni Mwito wa Milima. Katika sehemu ya pili, ile ya ugomvi, fidla ya pili amepewa jina la mzaha, Rollo. Rollo ni mtu mpole, mwenye kupenda kila jambo lilainike, naye hujaribu kuingiza vipande vitamu vitamu katikati ya makelele, wenzake humfunika. Sote twamjua Rollo. Kila ofisi inaye mmoja, na mara nyingine yeye ndiye huandika kumbukumbu za mkutano.

Tulipoipiga santuri hiyo mara ya kwanza, watu waliondoka katikati ya ugomvi, na waliobaki walikuwa tisa. Twasema wazi kwamba waliobaki ndio waliofaidi, maana sehemu ya tatu haieleweki kwa mtu asiyevumilia ya pili. Fidla zaanza polepole kama watu waliochoka, wasiosemeshana. Selo yashika mwendo wa kushuka chini, hatua kwa hatua, irudie, na juu yake sauti nyingine zapanda. Mtu aliyewahi kutoka Same alfajiri kwa miguu kupanda kwenda Mbaga, akavuka ukavu wa chini akaingia katika baridi na ukungu wa juu, hana haja ya mkalimani. Hatusemi kwamba Ives aliijua milima yetu. Twasema kwamba alijua kupanda.

Baada ya Ives yafaa tumtaje Bibi Ruth Crawford, ambaye baadaye aliolewa akaitwa Ruth Crawford Seeger. Kwateti yake ni ya mwaka 1931. Ni fupi. Katika sehemu yake ya tatu hapana wimbo wa kushika kwa kinywa hata kidogo: wanne wote wavuta sauti ndefu, na kila mmoja kwa zamu yake aikuza sauti kisha aipunguza, huyu apanda mwenziwe ashuka, hata mtu asijue tena ni chombo gani anachosikia. Sehemu hiyo ilitiwa katika sahani na kutolewa mwaka 1934, katika mfululizo wa santuri za muziki mpya ulioanzishwa na Bwana Henry Cowell, na aliyetoa fedha ni yule yule mtu wa bima, Charles Ives. Wakati ule sahani ya inchi 10 yenye kuzunguka mara 78 kwa dakika haikuchukua zaidi ya dakika 3 hivi kwa upande mmoja, na muziki mrefu ulikatwakatwa kama kitambaa. Sahani za kuzunguka polepole, zinazochukua dakika 20 na zaidi kwa upande, zilitokea mwaka 1948. Bila hizo, kwateti ya kwanza ya Elliott Carter, aliyoitunga mwaka 1950 na 1951 akikaa katika jangwa la Arizona, nchi kavu kama hii yetu ya chini, ingekuwa mateso kwa msikilizaji, kwani ni ya dakika 40 hivi. Kwa baadhi yetu ni mateso hata sasa. Wanne wake kila mmoja huenda kwa mwendo wake, kama wazee wanne wanaosimulia habari nne katika baraza moja. Na inastahili kusikilizwa, lakini si mwisho wa mwezi, mtu akiwa amechoshwa na hesabu.

Turudi kwa Bibi Ruth, maana hapa ndipo swali la mwenzetu laanza kupata jibu. Mwanamke huyu, aliyeweza kutunga muziki mgumu namna hiyo, hakuendelea na kwateti. Alikwenda Washington, na huko kazi yake kubwa ikawa kuandika kwa noti nyimbo za wakulima, wafungwa, wachunga ng'ombe na akina mama wa mashambani, Weusi kwa Weupe, ambazo John Lomax na mwanawe Alan walizinasa katika sahani wakizunguka nchi, na sahani hizo zikawekwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitolewa mwaka 1941. Aliisikiliza sahani moja makumi ya mara kabla ya kuridhika kwamba ameandika kile alichoimba mtu, si kile ambacho mtu aliyesoma angependa kiwe kimeimbwa. Alikufa mwaka 1953, bado hajawa mzee. Sasa twauliza: masikio hayo aliyapata wapi? Twaona aliyapata katika kwateti. Mtu aliyejizoeza kusikia sauti nne zikipanda na kushuka kila moja kivyake ndiye awezaye kumsikia mkulima anayepinda sauti mahali ambapo kinanda cha kanisa hakina kibao.

Basi tuje sasa Afrika, na karibu na kwetu.

Mwaka 1973 katika mji wa Seattle kijana mmoja, Bwana David Harrington, alisikia katika redio kwateti ya George Crumb iliyotungwa mwaka 1970 wakati wa vita ya Vietnam. Muziki ule ulimshika hata akaunda kundi lake la wanne ili aupige, akaliita Kronos Quartet. Baadaye kundi lilihamia San Francisco, likawa mashuhuri kwa kupiga muziki wa watu walio hai. Mwaka 1992 walitoa santuri iitwayo Pieces of Africa, yaani vipande vya Afrika. Watunzi wake ni saba, na majina yao twayasoma hapa kwa sababu ni haki yao: Dumisani Maraire wa Zimbabwe, Hassan Hakmoun wa Moroko, Foday Musa Suso wa Gambia, Hamza El Din wa Nubia, Obo Addy wa Ghana, Kevin Volans aliyezaliwa Afrika ya Kusini, na Justinian Tamusuza wa Uganda. Santuri hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha mbili za gazeti la Billboard kwa wakati mmoja: orodha ya muziki wa kizungu wa kale, na orodha ya muziki wa mataifa. Wenye orodha walikuwa wamezoea kuviweka vitu hivyo katika makabati mawili, na hii haikukubali kukaa katika kabati moja.

Tamusuza ni jirani yetu. Alizaliwa mwaka 1951, akalelewa katika muziki wa Kiganda, katika kuimba, ngoma na endingidi, ambalo ni zeze la uzi mmoja linalopigwa kwa upinde. Alisoma Belfast kwa Bwana Volans tuliyemtaja, kisha akapata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Northwestern huko Marekani, akarudi kufundisha Makerere. Kwateti yake ya mwaka 1988 yaitwa Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, na Mswahili hatahangaika sana kuona kwamba maana yake ni Katika Njia ya Msalaba. Kundi la Kronos walipiga sehemu ya kwanza, Ekitundu Ekisooka.

Ili kuisikia vema yafaa mtu ajue amadinda, ile marimba ya Buganda yenye vibao kumi na viwili. Wapigaji wawili huketi wakielekeana, na kila mmoja hupiga katika nafasi anayoiacha mwenziwe; hakuna kati yao anayepiga wimbo wote. Wimbo hauko katika mikono ya huyu wala ya yule, bali huzaliwa kati yao. Kisha wa tatu, mwenye vibao viwili tu, huokota humo mlio uliofichika akautoa nje. Sasa mpeni mtu aliyekua na jambo hilo fidla nne. Atafanya nini? Tamusuza hakuzivalisha fidla kanzu ya Kiganda kwa juu juu. Alizifanya zipishane. Vipande ni vifupi, vyarudi na kurudi, kila kimoja chaingia katika pengo la kingine, na sikio laanza kusikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wa wanne anayeupiga. Jumamosi ile hakuondoka mtu. Mzee mmoja wa chama, ambaye hatumtaji kwa kuwa hapendi, aligonga meza kwa kidole tangu mwanzo hata mwisho, na alipoulizwa kama ameupenda, alisema kwamba alikuwa akihesabu tu.

Hamza El Din naye ana habari ya kumgusa mtu wa ofisi. Alizaliwa mwaka 1929 katika kijiji cha Toshka, kando ya mto Nili, akasomea umeme, akafanya kazi katika shirika la reli la Misri. Ilipojulikana kwamba bwawa kubwa la Aswan litavifunika vijiji vya Wanubi, aliacha kazi akashika udi, akazunguka vijijini kuwaambia watu habari ya maji yanayokuja, na kuzisikiliza nyimbo zao. Katika miaka ya 1960 watu wakahamishwa, na vijiji vikazama. Kipande chake kinaitwa Escalay, yaani gurudumu la kuvutia maji, lile linalozungushwa na ng'ombe huku mtoto ameketi juu yake mchana kutwa. Fidla zazunguka hivyo hivyo, bila haraka. Magurudumu yenyewe yako chini ya ziwa.

Yuko mwanachama aliyesema kwamba hayo ni mazuri, lakini faida imekwenda Marekani. Neno hilo si dogo. Kwateti ya Volans katika santuri hiyo imejengwa juu ya miziki ya Kiafrika iliyokuwa imekwisha kunaswa na kuandikwa na wataalamu, na pamekuwa na maneno mengi kati ya wasomi juu ya kiasi gani ni chake na kiasi gani ni cha wale waliopiga kwanza. Sisi twaona hivi: Tamusuza na Hamza walikuja na cha kwao mkononi, na majina yao yameandikwa juu ya kazi. Mpigaji wa kijijini, ambaye sauti yake ilinaswa na mgeni apitaye, mara nyingi hakuandikwa, au aliandikwa kabila tu.

Mfano uko Kenya. Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika ya Mashariki na mitambo yake ya kunasa sauti, aliwakuta Wakipsigis wakiimba wimbo wa Chemirocha. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kwao. Na wasichana waliimba kwamba yeye ni nusu mtu, nusu paa. Yaani santuri ya Marekani iliingia Kipsigis, ikawa wimbo wa Wakipsigis, na wimbo ukaingia katika santuri ukatoka tena. Sahani zilihifadhiwa Afrika ya Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954. Baada ya miaka zaidi ya sitini, maktaba hiyo ilizirudisha nakala kwa wazee wa Kipsigis, na walikuwapo bado watu waliozitambua sauti. Miaka sitini ni mingi. Yaweza kuwa mingi mno.

Na sisi je? Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, alizunguka milima hii katika miaka ya 1960 akiwauliza wazee habari za kale, na kitabu chake cha mwaka 1969 ndicho kinachotuwezesha leo kujua ukoo gani ulitawala Ugweno na nani alitoka wapi. Habari zimeandikwa. Twajua kwa maandishi kwamba mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakaketi hapa Same, wakiikataa kodi ya mbiru, na makarani wa wakati ule waliandika barua nyingi. Jalada laweka kiasi cha kodi, tarehe na sahihi. Jalada haliweki sauti.

Basi jibu letu kwa mwenzetu ni hili: jioni za fidla na nyimbo za wazee si mambo mawili yanayogombea sanduku moja la fedha. Kusikiliza kwenyewe hakuna gharama kubwa, maana santuri tulizonazo ni za kuazima, na umeme twaulipia hata hivyo. Kunasa sauti leo hakuhitaji gari la mitambo kama la Tracey. Simu iliyo mfukoni mwa kila mmoja wetu yatosha kwa kuanzia. Kinachohitaji kazi ni masikio na utaratibu. Kwa hiyo kamati imekubali mapendekezo haya, nayo yaletwa kwenu yapigiwe kura.

Kila wimbo unaonaswa uandikiwe jina la mwimbaji, kijiji, tarehe, na ni nani aliyemfundisha. Wimbo uandikwe kwa Chasu au Kigweno kama ulivyoimbwa, kabla ya kufasiriwa. Mwimbaji apewe nakala yake siku ile ile au wiki ile ile, si baada ya miaka sitini. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 yazitaja pia sanaa za jadi, na katibu ataisoma kabla hatujampa mgeni ye yote nakala. Tena si kila wimbo ni wa kunaswa. Nyimbo za mshitu, zilizofundishwa vijana msituni, hazikuwa za masikio ya kila mtu. Mzee akisema hapana, simu irudi mfukoni, wala asisumbuliwe mara ya pili. Juu ya hili walikuwapo katika kamati waliobisha wakisema kwamba wimbo usionaswa utakufa na mzee. Twakubali kwamba utakufa. Bado ni wake.

Wenye wazazi au babu na bibi walio tayari kuimba, huko Usangi, Ugweno, Mbaga, Mamba, Gonja, Suji na Chome, wampe katibu majina kabla ya mwisho wa mwezi. Kundi la kwanza litapanda Mbaga. Na Jumamosi ijayo saa kumi na mbili jioni tutapiga tena Ekitundu Ekisooka, kisha Ives, sehemu zote tatu. Wasiopenda ugomvi waje kuanzia ya tatu.